Maji yanayokubali sabuni

Hotuba hii niliitoa mbele ya wanakikoba wenzangu na majirani, nje kidogo ya mji wa Tanga. Siku ile mtaa ulikuwa na msiba na wengi hawakufika, wakaniomba niiandike. Nimeiweka ilivyosemwa. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, maana zilichekesha kuliko zilivyofundisha.

Mwenyekiti wetu, mweka hazina wetu, mama zangu, baba zangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango kwa sababu mnazozijua wenyewe. Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Shikamooni wakubwa zangu. Na wadogo, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Nimeitwa niseme juu ya maji laini, yaani maji yanayokubali sabuni upesi, na najua kwa nini nimeitwa. Mwezi uliopita mlipata mgeni. Alikuja na mashine nzuri, na karatasi zinazong'aa, na maneno matamu. Akasema kikoba kikitoa fedha, kila nyumba itapata maji laini, na maradhi yataaga. Nusu yenu mkasema tununue, nusu mkasema tusubiri. Basi mkasema, muiteni yule mwalimu wa kemia aliyestaafu, hana kazi siku hizi. Nimekuja. Sina mashine ya kuuza na sina shemeji anayeuza mashine.

Neno langu ni hili. Maji laini ni neema ndani ya nyumba, na asiyekuwa nayo anayalipia kila siku bila kuandikiwa risiti. Lakini si kila tone la nyumbani linahitaji kuwa laini. Na mengi ya yale tunayoyahitaji hasa, yanapita juu ya mapaa yetu wenyewe na kwenda zake mtaroni huku sisi tukiyaangalia dirishani.

Nani hapa hajawahi kufika mapango ya Amboni? Nyoosheni mikono. Aibu hiyo, wageni wanatoka Ulaya kuja kuyaona, na wewe unakaa mwendo wa bodaboda. Haya, waliofika: mlipoingia mle ndani, mkatazama juu, kiongozi akawaonyesha jiwe linalofanana na hiki na jiwe linalofanana na kile, kuna hata mmoja aliyeuliza lile jiwe lililokuwa limejaa pale pangoni limekwenda wapi? Pango ni mahali ambapo palikuwa na jiwe. Sasa hapana. Limekwenda wapi?

Limekwenda na maji. Mvua inaposhuka inabeba hewa ya kaboni, na ikipenya kwenye udongo inabeba zaidi, inakuwa na uchachu kidogo sana, wala ulimi wako hauusikii. Uchachu huo unatosha kuyeyusha jiwe la chokaa. Kidogo kidogo, karne kwa karne, jiwe linageuka kuwa maji na kuondoka. Sisi watu wa huku tunaishi juu ya chokaa. Kiwanda cha saruji cha Pongwe hakikujengwa pale kwa sababu ya upepo mzuri wa bahari! Kimefuata jiwe. Na ukichimba kisima kwenye jiwe hilo hilo, unategemea ndoo itoke na nini?

Itatoka na jiwe. Hulioni, limeyeyuka. Maji ni meupe, ni baridi, ni matamu pengine kuliko ya bomba, lakini ndani yake mna kalsiamu, na mara nyingi magnesiamu pia. Hayo mawili ndiyo yanayofanya maji yaitwe magumu. Wataalamu huupima ugumu kwa miligramu kwa kila lita. Yakiwa na chini ya 60, maji ni laini. Yakifika 120 bado ni ya wastani, yakipita hapo ni magumu, na yakipita 180 ni magumu sana. Maji ya mvua yako karibu kabisa na sifuri.

Ndiyo maana wale mlio na ndugu mjini, mnaotumia maji ya bomba kutoka bwawa la Mabayani, mnaona tofauti mkienda kufua kwao. Yale ni maji ya mto Sigi, yanateremka kutoka milima ya Usambara Mashariki, misitu ya Amani, kwenye miamba isiyo ya chokaa. Hayakupata nafasi ya kula jiwe. Ya kwetu ya visimani yamekula yakashiba.

Sasa twende kwenye sabuni, maana hapo ndipo fedha inapotoka.

Namjua dobi mmoja, mtu mwaminifu, alikuwa akifua Chumbageni kwa maji ya bomba. Kodi ikapanda, akahamia upande wetu huku, akachimbiwa kisima na mwenye nyumba. Akafurahi: maji ya bure! Miezi michache baadaye akaanza kulalamika kwamba sabuni za siku hizi zimechakachuliwa. Akabadilisha duka, akabadilisha aina. Mche ambao zamani ulimaliza furushi zima la nguo, sasa unaisha njiani. Na kanzu zikaanza kumrudia. Mteja anasema, "Fundi, nilikupa nyeupe, umenirudishia ya majivu." Yule bwana alikuwa karibu kugombana na muuza duka. Sabuni haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inauawa ndani ya ndoo kabla haijaigusa nguo.

Inauawa vipi? Sabuni ya mche au ya kipande ikiingia kwenye maji magumu, kitu cha kwanza inachokutana nacho ni kalsiamu. Vinashikana. Hapo hapo sabuni inaacha kuwa sabuni, inakuwa yale mabonge meupe yanayoelea, ule utando unaonata kwenye beseni na kwenye uzi wa nguo. Povu haliji mpaka kalsiamu yote iwe imekwisha kushikwa. Kwa hiyo unasugua, unasugua, unasema maji yanakataa sabuni, kumbe unayalipa maji kodi yao kwanza.

Kodi hiyo ni kiasi gani? Nilipiga hesabu jana usiku, na mwenye watoto wa sekondari awape waihakiki, ni hesabu ya kidato cha nne. Chukua maji yenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita. Chukua ndoo moja ya lita 20. Ndoo hiyo inameza gramu 36 hivi za sabuni kabla ya povu la kwanza la maana. Gramu 36! Sabuni ya kuogea ya kawaida ina gramu 100. Ina maana kila ndoo tatu umetupa kipande kizima, na bado hujafua hata soksi. Na kufua kuna ndoo ya kwanza, kuna ya kusuuza, kuna ya pili ya kusuuza. Zidisha kwa mwezi. Zidisha kwa mwaka. Mweka hazina, unaandika?

Kuna atakayesema, mwalimu, mimi natumia sabuni ya unga. Kweli, sabuni ya unga inavumilia zaidi, kwa sababu waliotengeneza waliujua ugonjwa huu na wakatia dawa za kulainisha maji humo humo. Ndiyo maana kwenye maji magumu pakiti inakwambia ongeza kipimo. Unalainisha maji kwa bei ya sabuni. Ni njia, lakini ni njia ya gharama.

Bibi zetu walikuwa na njia ya bei nafuu zaidi. Magadi! Yale mawe tunayonunua sokoni, yanayotoka ziwa Natron upande wa Arusha au ziwa Magadi kule Kenya, ndani yake mna kabonati ya sodiamu. Ukiyatia kwenye maji magumu, yanaikamata kalsiamu na kuiangusha chini iwe unga mweupe. Kijiko kimoja cha chakula cha magadi yaliyosagwa kwa ndoo ya lita 20 kinatosha kwa maji ya ugumu ule niliousema. Koroga, acha yatulie, mimina taratibu yale ya juu, acha tope la chini. Hapo ndipo utie sabuni. Utaona povu. Ila usifulie hariri wala sufu, na kama una vidonda mikononi utajuta.

Na kwa kuwa nimetaja magadi, najua kina mama mmekwishaingia jikoni kabla yangu.

Mnaweka magadi kwenye maharage. Msinifiche. Makande bila magadi yanakula mkaa mpaka unatamani kuyamwaga. Lakini mmewahi kujiuliza kwa nini maharage yale yale, ya gunia moja, yanaiva upesi kwa dada yako aliyeko Lushoto na kwako yanakaa jikoni kutoka adhuhuri mpaka magharibi? Wengine wanasema Lushoto kuna baraka. Mimi nasema tazama maji. Ganda la harage linashikiliwa na kitu kiitwacho pektini, na kalsiamu ya maji magumu inaingia humo na kulikaza. Unachemsha, nayo inakaza. Magadi yanaiondoa kalsiamu njiani na kulilegeza ganda, ndiyo maana yanasaidia.

Jirani yangu mmoja ni mama ntilie, anauza wali maharage karibu na stendi. Mkaa ulikuwa unammaliza. Hakuwa na shida na magadi, ila wateja walianza kusema maharage yake yana ladha ya sabuni, na wana haki, magadi yakizidi ladha ni hiyo. Nikamwambia, loweka usiku kucha kwa maji ya mvua, mwaga yale ya kulowekea, chemsha kwa mengine ya mvua. Usitie magadi. Kupikia kokote kwingine endelea na kisima. Akajaribu. Sasa ana pipa lake la mvua ambalo hata mumewe haruhusiwi kulinawia.

Nawasihi mpunguze magadi kwenye chakula kwa sababu nyingine pia. Magadi ya maziwa yetu haya yana floraidi, na floraidi ikizidi kwa mtoto anayeota meno, meno yanatoka na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyatoi. Watu wa Arusha wanalijua jambo hili kuliko sisi. Tena magadi yanaharibu vitamini B1 iliyo kwenye maharage yenyewe. Na yana sodiamu, ile ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani, nitarudi kwenye sodiamu nikifika kwenye ile mashine.

Chai sasa. Hapa naomba dakika zangu, maana nina furaha nayo.

Ukimimina chai kwenye kikombe, ukaiacha kidogo, juu yake pakatanda utando mwembamba, wa rangi ya mafuta ya taa, na ukiigusa unakatika vipande na kugandia pembeni ya kikombe. Mmeuona? Kila nyumba ya visima inao. Mama mkwe mmoja, simtaji mtaa, alimtuhumu mkamwana wake kwamba haoshi vikombe. Ugomvi ukafika kwa wazee. Kwa utando wa chai!

Basi mwaka 1993 jarida kubwa la sayansi duniani, Nature, lilichapisha utafiti juu ya utando huu. Uliandikwa na wanakemia wawili wa Chuo cha Imperial, London: Michael Spiro na Deogratius Jaganyi. Ndiyo, Jaganyi, huyo ambaye baadaye alikuja kuwa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Mount Kenya kule Thika. London nayo ina maji magumu, yanatoka kwenye chokaa. Wakagundua kwamba utando hautoki kwenye majani wala kwenye kikombe kichafu. Ili utande, maji lazima yawe na kalsiamu pamoja na bikabonati, yaani jiwe letu lile lile la Amboni lililoyeyuka. Kwa maji yaliyosafishwa kabisa hautandi. Na ukitia ndimu, hautandi pia, kwa sababu uchachu wa ndimu unaivuruga kazi ile. Watu wa pwani tunakunywa chai ya rangi na ndimu tangu lini? Hatukujua kemia, lakini ulimi ulikuwa umekwishajua.

Yule mkamwana aliokoka. Nilimwambia mama mkwe apike chai kwa maji ya mvua, vikombe vile vile, bila kuviosha upya. Hakuniomba radhi, lakini aliacha kusema.

(Hapa watu walicheka sana, na mama mmoja mstari wa pili akainamisha kichwa. Nimelisema bila jina na nitaendelea kulisema bila jina.)

Haya. Moto.

Maji yenye bikabonati ukiyachemsha, jiwe linarudi kuwa jiwe. Ndiyo ule ukoko mweupe ndani ya birika, ndiyo yale magamba yanayobanduka na kumwagikia kikombeni. Kinachoning'inia pale Amboni na kilichoganda ndani ya birika lako ni kitu kimoja, tofauti ni muda tu. Kwa hiyo kuchemsha peke yake kunalainisha maji kiasi, kwa ugumu wa aina hiyo. Ukiacha maji ya kuchemsha yatulie, ukayamwaga taratibu, unakuwa umeacha jiwe nyuma. Upo ugumu wa aina nyingine, unaotokana na salfeti na kloraidi, ambao moto hauufanyi kitu.

Rafiki yangu ana nyumba ya wageni. Vyumba vyote amefunga shawa za umeme na tenki la maji ya moto. Koili zikawa zinaungua moja baada ya nyingine. Fundi akija anatoa koili iliyovaa koti jeupe, nene, anafunga mpya, anachukua chake anaondoka. Baada ya muda anaitwa tena. Rafiki yangu akaamini umeme wa mtaani ndio mbovu. Watu wengi hupenda kusema magamba yanapandisha uniti za luku. Kwa koili iliyozama ndani ya maji, sivyo sana, maana moto wake hauna pa kwenda zaidi ya kwenye maji. Kinachotokea ni kwamba koili inashindwa kutoa joto lake upesi, inapata moto kupita kiasi, inakufa. Unachopoteza ni koili na fundi. Kwenye sufuria na birika la mkaa au gesi ni kinyume: ukoko unaukinga moto, moto unapita pembeni, mkaa unaisha.

Dawa ya birika mnayo shambani. Ndimu mbili tatu, au siki, au ukwaju, maji kidogo, chemsha, acha mpaka ipoe. Ukoko unayeyuka huku ukitoa mapovu. Ukwaju mnausafishia shaba kila Idi inapokaribia, kwa nini mnaliacha birika? Lakini tenki la nyumba ya wageni huwezi kulitia ndimu kila wiki. Mtu wa namna ile, mwenye maji mengi ya moto, mwenye pampu inayosukuma, ndiye mashine inamfaa. Nilimwambia anunue, akanunua, na ninasema hadharani alifanya vizuri.

Ngozi na nywele nitapita haraka, kwa sababu hapa uongo ni mwingi kuliko ukweli. Kweli ni kwamba kuoga kwa maji laini kunatumia sabuni kidogo, na utando ule haubaki mwilini wala kichwani. Nywele zinakuwa nyepesi. Mabinti walikuwa wakitoka mvuani kuosha nywele, na wazazi tukiwagombeza, kumbe walikuwa wameshinda sisi kwa akili. Usiyezoea maji laini utahisi mwili unateleza, utadhani sabuni haijatoka. Imetoka.

Lakini mgeni wenu alisema mashine inatibu pumu ya ngozi ya watoto. Hapo nasimama. Uingereza, utafiti ulioongozwa kutoka Nottingham na kuchapishwa mwaka 2011 uliwachukua watoto 336 wenye ugonjwa huo, wengine wakafungiwa mashine nyumbani na wengine wakaendelea na matibabu yao ya kawaida. Baada ya wiki 12 wauguzi waliwapima bila kujua yupi ana mashine. Hakukuwa na tofauti ya ugonjwa. Mwenye mtoto anayejikuna, ampeleke hospitali. Fedha ya mashine isitoke kwenye kilio cha mtoto.

Na tukiwa hapo hapo, maji magumu si sumu. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu wa maji kwa ajili ya afya, na kalsiamu na magnesiamu zilizomo mwili unazitaka. Kwa kunywa, kisima chetu kikiwa kisafi hakina dhambi. Wanaosema kinajaza mawe kwenye figo, mimi naona wengi wao hata maji yenyewe hawanywi ya kutosha.

Sasa mashine. Inafanyaje kazi? Ndani yake mna punje ndogo ndogo za plastiki maalumu zilizobeba sodiamu. Maji yakipita, zinafanya kama kondakta wa daladala: zinampakia abiria mmoja mnene, kalsiamu, na kuwashusha wembamba wawili, sodiamu. Punje zikijaa, unapitisha maji yenye chumvi nyingi, wanene wote wanashushwa na kutupwa, wembamba wanapanda upya. Ndiyo maana mashine inakula chumvi muda wote. Mgeni wenu aliwaambia bei ya mashine. Aliwaambia bei ya chumvi? Aliwaambia maji yale ya chumvi yanayotupwa yatakwenda wapi? Yakimwagwa kwenye mgomba wako, mgomba utakuambia.

Na wale abiria walioshushwa wanaingia kwenye maji unayotumia. Kwa ugumu wa miligramu 300, kila lita inaongezewa sodiamu kama miligramu 138. Kwa mtu mzima mwenye afya si kitu kikubwa. Lakini nyumba gani hapa haina mwenye presha? Mzee mmoja wa ukoo wetu aliacha chumvi mezani kwa amri ya daktari, akawa hodari kweli kweli, chakula chake mtu mwingine hakiweki mdomoni. Wanawe, kwa mapenzi, wakamfungia mashine kwenye bomba zote, mpaka la jikoni. Wakamwondolea chumvi kwenye sahani, wakamtilia sodiamu kwenye glasi. Muuzaji hakuwaambia wabakize bomba moja la kunywea lisilopita kwenye mashine. Vivyo hivyo kwa maziwa ya unga ya mtoto mchanga: yasikorogwe kwa maji ya mashine.

Tena sikilizeni, maana hapa watu wanaliwa fedha. Mashine ya kulainisha haiondoi chumvi. Ambaye kisima chake kiko karibu na bahari na maji yana chumvi ya kuonja, mashine ile haimsaidii, huyo anahitaji mtambo wa aina nyingine kabisa, wa gharama nyingine. Haiondoi floraidi. Haiui vijidudu vya kipindupindu. Na inahitaji maji yenye msukumo kwenye bomba. Hapa nyumba ngapi zinachota kwa ndoo? Mashine utaifunga kwenye ndoo?

Kwa hiyo tufanyeje? Mababu wa pwani hii walikuwa na jibu, nalo ni la mvua. Nendeni Lamu, kwenye nyumba za zamani mtaona birika la maji limejengwa ndani, na visamaki wakiogelea humo kula viluwiluwi vya mbu. Nendeni Faza na Kizingitini, miji ya kisiwa cha Pate yenye visima vya chumvi, watu wanategemea majabia, yaani matangi ya kukingia mvua. Ndani ya Ngome ya Yesu, Mombasa, Wareno walichimba birika la kukingia mvua, maana ngome imekaa juu ya matumbawe. Watu hawa wote walikuwa wamekalia chokaa kama sisi. Sisi tumepata bati na tenki la plastiki, tukaacha kukinga.

Hesabu yake haina uchawi. Mvua ya milimita moja juu ya bati la mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mita kumi kwa sita ina bati la mita 60 za mraba. Mvua moja nzuri ya milimita 20 inakupa lita 1,200. Toa sehemu ya tano kwa inayorukia pembeni na ya kusafishia bati, unabaki na lita 960. Ndoo 48, kwa mvua moja. Na Tanga tunapata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka.

Hizo si za kumwagia sakafu wala za choo. Hizo ni za kufua nyeupe, za kuosha nywele, za maharage na chai, za birika la umeme. Kazi nyingine zote kisima kiendelee. Ukigawa hivyo, tenki dogo linakufikisha mbali, hata kiangazi kikiingia unabaki na ya kanzu na ya chai.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo nimalizie na kazi. Pendekezo langu ni kwamba fedha ya mashine igeuzwe mkopo wa gata na tenki, zamu kwa zamu, na tuanze na nyumba zenye wajane na zenye watoto wachanga. Mwenye makuti asikinge ya kunywa, yanatoa rangi na takataka, ya kufulia yanaweza kufaa akichuja. Mvua ya kwanza baada ya jua kali iachwe imwagike, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tenki lifunikwe, na mdomo uwe na wavu mwembamba, mbu wa dengi wanapenda maji masafi. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini, hata kama yametoka mbinguni. Vuli inaanza Oktoba. Fundi wa gata ni yule kijana aliyekaa karibu na mlango, nimemwona anataka kutoka. Mshikeni kwanza mpatane naye bei, halafu tuchukue maswali.